Jinsi ya Kuchagua Fonti ya Kazi Nyingi Inayosomeka Vizuri kwa Kiswahili

Kaskazini mwa mji wa Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna Ilboru, na huko huko mlimani kuna Ilkiding'a. Majina haya mawili yamenifundisha mengi kuhusu uchaguzi wa fonti kuliko somo lolote la darasani. Yote mawili huanza na I kubwa inayofuatwa na l ndogo, na katika fonti nyingi zinazopendwa na wasanifu wa leo herufi hizo mbili hazitofautiani: ni vijiti viwili vilivyosimama sambamba, vyenye urefu unaokaribiana. Mgeni anayetafuta nyumba ya kulala wageni huona kwenye kibao vijiti viwili vinavyofuatwa na "boru", akabaki kukisia. Jina la pili lina mtihani wa ziada, nao ni ritifaa ya ng', alama ambayo baadhi ya fonti za mapambo zinazogawiwa bure hazina kabisa.

Ndiyo maana huwa sichagui fonti kwa kuangalia jina lake kwenye orodha ya programu, wala kwa kuangalia sampuli aliyoiweka mwenye kuiuza, kwa sababu sampuli hiyo huandikwa kwa maneno yaliyoteuliwa ili fonti ionekane nzuri. Ninaichagua kwa kuijaribu na maneno itakayoyabeba, kwa ukubwa utakaotumika, juu ya kitu kile kile kitakachosomwa. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyofanya jaribio hilo ninaposanifu vipeperushi, vibao, orodha za bei, ripoti za vikundi na kurasa za tovuti kwa wateja wa Arusha na Moshi.

Tayarisha karatasi ya majaribio

Kabla ya kufungua fonti yoyote, andika ukurasa mmoja wa maneno, uuhifadhi, na uutumie kwa kila fonti utakayoifikiria. Ukurasa wangu una mstari wa majina ya mahali: Ilboru, Ilkiding'a, Mang'ola, Kiboriloni, Oldonyo Sambu. Una mstari wenye maneno mawili tu, barabara na barobaro, ambayo nitayaeleza hivi punde. Una mstari wa herufi kubwa tupu, WATAALAMU WA NG'OMBE WAWASILI, mstari wa tarakimu na bei, na aya moja ya maneno kama 80 iliyochukuliwa kwenye kazi halisi ya mteja. Usitumie sentensi maarufu za Kiingereza zilizotungwa ili zibebe herufi zote 26, kwa kuwa nusu ya hila zake hazituhusu. Kiswahili hakina q wala x, na c haitokei bila h, ilhali a, i, k, n na w zimejaa kila mstari.

Kisha chapa ukurasa huo. Kioo cha kompyuta husamehe makosa ambayo karatasi haisamehi, na karatasi nayo husamehe makosa ambayo simu ndogo yenye mwanga hafifu haisamehi, kwa hiyo uangalie kwenye karatasi na kwenye simu.

Anza na herufi a

Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na katika maandishi yetu a huzizidi herufi nyingine zote kwa wingi. Fonti yenye a mbaya basi ni fonti mbaya kwetu, hata kama g yake inapendeza kama pete.

Kuna maumbo mawili ya a ndogo. Moja lina kofia iliyopinda juu ya tumbo, kama ilivyo kwenye magazeti mengi. Jingine ni duara lenye kijiti upande wa kulia, kama tunavyoandika kwa mkono. Umbo hilo la pili ndilo alilolitumia Mjerumani Paul Renner katika Futura, fonti iliyotoka mwaka 1927 na ambayo bado inaigwa hadi leo, hasa na wanaotaka nembo yenye sura ya kisasa. Kwenye nembo ya neno moja haina tatizo. Katika aya ya Kiswahili iliyochapwa kwa herufi ndogo, hata hivyo, a ya aina hiyo hukaribia mno o, na hapo ndipo barabara na barobaro vinapoanza kufanana, taa ikasomeka toa, na msomaji akalazimika kurudi nyuma kutafuta maana. Andika maneno hayo kwa ukubwa wa pointi 9, yasogeze mbali kwa urefu wa mkono, uone kama unayatofautisha bila kujilazimisha.

Yuko mmoja wa kusamehewa katika kanuni hii, naye ni mtoto anayejifunza kusoma. Kwake yeye a ya mviringo ni ile ile anayoandikiwa ubaoni, na kumpa umbo jingine kitabuni ni kumwongezea mzigo. Shirika la SIL, linaloshughulika na lugha, lilitengeneza kwa ajili ya wasomaji wanaoanza fonti ambayo herufi zake zinazoelekea kufanana zimetenganishwa kwa makusudi, likaipa jina la Kiswahili: Andika. Ukipewa kazi ya kitabu cha chekechea au bango la darasa la kwanza, anza nayo kabla ya kutafuta nyingine.

Vijiti, duara na tarakimu

Sasa rudi Ilboru. Helvetica, iliyochorwa Uswisi na Max Miedinger pamoja na Eduard Hoffmann mwaka 1957, na Arial, iliyochorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders, ni fonti za kuaminika kwa mambo mengi, lakini zote mbili hushindwa jaribio la I na l. Verdana, ambayo Matthew Carter aliichorea Microsoft ikatoka mwaka 1996, ililitatua kwa kuipa I kubwa vijiti vya mlalo juu na chini. IBM Plex Sans hufanya vivyo hivyo na kuongeza mkia kwenye l ndogo. Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa mwaka 2019 na Taasisi ya Braille ya Marekani kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu, inakwenda mbali zaidi, kwani hata sifuri imekatwa kwa mstari ili isichanganywe na O. Sisemi kwamba Helvetica itupwe. Ninasema kwamba kwa kampuni ya utalii iliyoko Ilboru, yenye jina hilo mlangoni mwa kila Land Cruiser, Helvetica si chaguo.

Tarakimu zinastahili uangalizi ule ule, na somo hilo nililipata kwa gharama yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisanifu kadi za mchango wa harusi kwa familia moja ya Moshi. Bibi harusi mtarajiwa alitaka mwandiko wa kalamu, wenye mikunjo, nami nikautumia kuanzia majina ya maharusi hadi namba ya simu ya mhazini wa kamati. Katika mwandiko huo tarakimu 1 ilikuwa na mkunjo mrefu kichwani hivi kwamba ilisomeka 7 kwa urahisi. Simu huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, kwa hiyo wachangiaji wengi walistuka na kupiga kuuliza, lakini wapo ambao hawakusoma jina wakaituma fedha kwa mtu asiyewahusu. Nilichapa kadi zote upya kwa fedha zangu. Tangu siku hiyo mwandiko wa kalamu kwangu hubeba majina ya maharusi tu, maneno mawili au matatu makubwa, na kila kitu ambacho mtu atakinakili kwenye simu yake, iwe namba, tarehe, saa au jina la ukumbi, huandikwa kwa fonti iliyo wazi.

Kwenye orodha ya bei angalia jambo jingine. Fonti nyingi nzuri zina aina mbili za tarakimu: zile ambazo upana wake hutofautiana, zinazopendeza ndani ya aya, na zile zenye upana sawa, zinazowezesha safu ya bei kusimama wima mia chini ya mia na elfu chini ya elfu. Kwa menyu ya hoteli au jedwali la mapato na matumizi ya SACCOS, tafuta fonti yenye aina hiyo ya pili na uiwashe katika mipangilio ya programu. Angalia pia namna inavyochora 12,500/=, kwa sababu alama hizo mbili za mwisho, ambazo hapa Tanzania tunazitumia kila siku, wachoraji wa ng'ambo hawakufikiria kwamba zitakaa pamoja, na katika baadhi ya fonti hugongana.

Ritifaa na herufi za majirani

Ritifaa ya ng' si pambo, bali ni sehemu ya tahajia, na inapokosekana neno hubadilika. Fonti isipokuwa nayo, kompyuta huiazima kimya kimya kutoka fonti nyingine, ukaona neno NG'OMBE lenye alama nyembamba kati ya herufi nene. Ikiwapo, angalia nafasi yake: katika fonti zisizopangwa kwa uangalifu huacha pengo kubwa kabla ya herufi inayofuata, na neno likaonekana kama maneno mawili. Tumia ritifaa iliyopinda, yenye umbo la 9 ndogo, badala ya kijiti kilichonyooka cha kibodi. Usikubali kabisa alama ya lafudhi inayoegemea upande, ambayo watu huipata kwa kubonyeza kitufe kisicho chake.

Katika mkoa wa Arusha kazi haiishii kwenye Kiswahili. Maandishi ya Kimaasai yaliyoandikwa kwa ukamilifu hutumia herufi kama ŋ, ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, na fonti isiyo nazo huacha visanduku vitupu mahali pake. Noto, mradi ambao Google na Monotype, kampuni ya fonti, waliutangaza mwaka 2016 kuwa unahudumia lugha zaidi ya 800, ulianzishwa hasa ili kuviondoa visanduku hivyo. Noto Sans, Andika na Charis zinazo herufi hizo zote. Kiiraqw cha Karatu na Mbulu nacho hutumia q, x na hata mkwaju (/) kama herufi, kwa hiyo mteja wa huko aulizwe mapema kama kutakuwa na maneno ya lugha yake, kabla hujamzoesha fonti isiyoweza kuyaandika.

Nafasi kati ya W na A

Mstari wa WATAALAMU WA NG'OMBE WAWASILI una kazi moja. Herufi W, T, Y na A zina miinamo inayoacha mapengo zinapokaa jirani, na Kiswahili huziweka jirani kila wakati: wananchi, watoto, yaliyomo, tangazo, Tanzania. Mchoraji makini huingiza ndani ya faili marekebisho ya nafasi kwa kila jozi ya namna hiyo, mvivu huacha. Ukiona WATAALAMU limepasuka kama meno yenye mwanya, au a ndogo imesimama mbali na T katika Tangazo, ujue fonti hiyo itakutesa kila utakapoandika kichwa cha habari, nawe utabaki kusogeza herufi moja moja kwa mkono.

Maneno marefu na safu nyembamba

Neno moja la Kiswahili laweza kuwa sentensi nzima katika lugha nyingine. "Yatakayowasilishwa" lina herufi 18. Kwenye kioo cha simu ambacho mstari wake una nafasi ya herufi 35 hivi, maneno mawili ya namna hiyo hayatoshi mstari mmoja. Ukiyalazimisha maandishi yanyooke pande zote mbili, programu itapanua nafasi kati ya maneno mpaka aya ionekane kama imetobolewa na panya. Yaache maandishi yaanzie kushoto na yaishie yanapoishia. Kama ni lazima kukata neno mwishoni mwa mstari, likate baada ya irabu, kwa kuwa silabi zetu huishia hapo: ya-ta-ka-yo-wa-si-li-shwa. Usiziache programu zifanye kazi hiyo peke yake, maana mara nyingi hukata kwa kanuni za Kiingereza na kuitenga n na g.

Urefu huo wa maneno unaathiri pia uchaguzi wa fonti yenyewe. Kati ya fonti mbili zinazosomeka sawa, chukua ile iliyo nyembamba kidogo kwa vitufe vya tovuti, vichwa vya majedwali na vyeti, au chagua familia iliyo na ndugu mwembamba, kama Roboto ilivyo na Roboto Condensed. Kwa aya ndefu za kitabu au ripoti, mstari wa herufi 45 hadi 75 na nafasi ya mistari ya kati ya mara 1.4 na 1.5 ya ukubwa wa fonti humpumzisha msomaji.

Familia, si herufi moja

Fonti ya kazi nyingi ni ile yenye familia. Angalau iwe na uzito (unene wa mistari ya herufi) wa kawaida, uzito mnene, na herufi za mlazo kwa kila mmoja wa hao wawili. Ikikosa mnene, programu itainenepesha ya kawaida kwa nguvu, na matundu ya a na e yatazibika. Ikikosa mlazo, itaiinamisha tu. Adrian Frutiger alilielewa jambo hili alipotoa Univers mwaka 1957 ikiwa na maumbo 21 yaliyopangwa kwa namba, kuanzia jembamba hadi nene, na familia kubwa za leo zimefuata nyayo hizo. Tangu mwaka 2016 kuna pia fonti za kubadilika, ambazo faili moja hubeba uzito wote. Kwa tovuti zina faida ya wazi, kwa sababu uzito wa kila aina ukija kama faili lake, ni msomaji anayelipia kwa bando lake.

Mimi hutumia familia moja kwa kazi nyingi, na ninapohitaji mbili huchukua zilizochorwa ziendane, kama Source Serif kwa aya na Source Sans kwa vichwa na majedwali. Kuweka fonti nne kwenye kipeperushi kimoja ni sawa na kumvisha mtu sare za shule nne kwa siku moja.

Jua, vumbi na mashine ya kopi

Usilinganishe fonti kwa namba ya pointi peke yake. Verdana ya pointi 10 huonekana kubwa kuliko Garamond ya pointi 10, kwa kuwa herufi zake ndogo, kama x na a, zimeinuliwa karibu zaidi na kimo cha herufi kubwa. Kwa simu na kwa karatasi ya bei nafuu, fonti yenye herufi ndogo zilizoinuka husomeka vizuri zaidi. Kwa tovuti anza na pikseli 16, na hakikisha tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mandhari inafika angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, kinachopendwa sana siku hizi, hakifiki, na mtu aliyesimama juani stendi ya Moshi hataona chochote.

Notisi na mitihani yetu mingi hufika kwa msomaji ikiwa kopi ya kopi. Fonti zenye mistari minene sana kando ya mistari myembamba kama uzi, za ukoo wa Bodoni, hupoteza nyuzi hizo kwenye kopi ya pili, n ikabaki nguzo mbili. Kwa kazi hizo chagua fonti ambayo unene wa mistari yake haupishani sana.

Kibao cha barabarani kina hesabu yake. Mafundi wa mabango hutumia kanuni ya inchi 1 ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali, yaani takriban sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Abiria wa kifodi, yaani daladala, anayetakiwa kukisoma kibao chako akiwa umbali wa mita 30 anahitaji basi herufi za sentimita 25. Usitumie uzito mwembamba hapo, maana mwezi mmoja wa vumbi unatosha kuufuta.

Haki ya kuitumia, na faili la mchapaji

Fonti nyingi zinazozunguka kwenye fleshi za steshenari hazikununuliwa, na maneno "bure kwa matumizi binafsi" hayahusu kazi unayolipwa. Salama zaidi ni fonti zilizotolewa kwa leseni huria ya SIL, ambayo toleo lake la 1.1 lilitoka mwaka 2007. Inaruhusu kuzitumia katika kazi za biashara, kuzirekebisha na kuzigawa, ila si kuziuza peke yake. Isipokuwa Verdana na jamaa zake zinazokuja na kompyuta, Helvetica, Futura, Univers, na Garamond na Bodoni ambazo zina matoleo mengi ya wachoraji tofauti, karibu zote nilizopendekeza hapa zinapatikana kwa njia hiyo, nyingi kupitia Google Fonts.

Unapompelekea mchapaji faili, mpe PDF yenye fonti ndani yake, au geuza maandishi kuwa michoro baada ya kuhifadhi nakala nyingine unayoweza kuihariri. Niliwahi kupeleka faili wazi, na kompyuta ya pale ikaweka Arial kila mahali bila kumwambia yeyote.

Kabla ya kulipia bango zima, chapa kipande chake kimoja kwa ukubwa halisi, kibandike getini kwa mteja, urudi nyuma hadi mahali ambapo msomaji atakuwa, kisha mwite mtu ambaye hajakiona, ikiwezekana mzee anayevaa miwani, akusomee jina na namba kwa sauti. Pale atakaposita, tia alama kwa kalamu, na ukirudi ofisini ifungue tena karatasi yako ya majaribio.